Miguu au mahakama: ni nini kilichoshinda Montgomery mwaka 1956?

Mwalimu wa Njoro (Nakuru)

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya upili upande wa Njoro, na wiki hii wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wamenitoa kijasho. Chama chetu cha mdahalo kilikuwa kimepanga kujadili mgomo wa mabasi wa Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama huko Marekani, ambako watu weusi walisusia mabasi ya mji kuanzia tarehe 5 Desemba 1955, siku nne baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha abiria mzungu kiti, na hawakuyapanda tena hadi zilipotimia siku 381. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mjadala wa kawaida kuhusu ushujaa na uvumilivu. Hata hoja ya kwanza haijakamilika, msichana mmoja anayeketi karibu na dirisha aliinua mkono akauliza: Mwalimu, kama ni Mahakama ya Juu ya Marekani iliyosema kwamba sheria ya kuwatenganisha watu ndani ya basi inavunja katiba, wale watu walitembea kwa faida gani? Kesi si ingeamuliwa vivyo hivyo hata wangekuwa wameketi ndani ya basi wakisubiri?

Darasa liligawanyika pale pale. Wale wanaotoka Kaptembwo na Rhonda, ambao wazazi wao huenda kazini kwa miguu kila nauli inapopanda, walimkasirikia, wakasema kwamba mtu asiyewahi kutembea asubuhi ya mvua hawezi kujua uzito wa nauli iliyobaki mfukoni. Wengine walimuunga mkono kwa hoja kwamba kampuni ya mabasi ingeweza kufilisika na sheria ikabaki pale pale, kwa sababu sheria haikutungwa na kampuni. Nami nikiwa nimesimama na chaki mkononi niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na la kusema, na mimi sikuwa nalo.

Nilipopekua madaftari yangu ya chuo niliona nimeandika kurasa nzima kuhusu Martin Luther King, ambaye wakati huo alikuwa mchungaji wa miaka 26 tu, na kuhusu Bi. Parks, lakini kuhusu kesi yenyewe nilikuwa na mstari mmoja, tena bila jina la mlalamikaji hata mmoja. Ninawaomba wenye ujuzi wanisaidie: kati ya kutembea na kushtaki, kipi kilikitegemea kingine? Naomba majibu yenye ushahidi, kwa maana sifa za mashujaa ninazo za kutosha.

Wakili wa Milimani (Kisumu)

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mpongeze msichana huyo, kisha umwambie kwamba swali lake lina kasoro moja: linachukulia kwamba watu wa Montgomery walianza kutembea ili sheria ya ubaguzi ifutwe, na haikuwa hivyo.

Tuanze na basi lenyewe. Lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilihifadhiwa wazungu, hata pasipokuwa na mzungu hata mmoja ndani. Kumi vya nyuma vilikuwa vya weusi. Na vile 16 vya katikati vilikuwa chini ya amri ya dereva, ambaye alisogeza mpaka nyuma kila wazungu walipoongezeka. Rosa Parks hakuketi mbele, kama wengi wanavyosimulia. Aliketi katika safu ya kwanza ya sehemu hiyo ya katikati, na kosa lake lilikuwa kutoinuka dereva alipousogeza mpaka. Isitoshe, mara nyingi abiria mweusi alitakiwa kulipa nauli kwenye mlango wa mbele, kisha ashuke na kuzunguka ili aingie kwa mlango wa nyuma, na kulikuwa na madereva walioondoa basi kabla hajaufikia. Ikumbukwe kwamba weusi walikuwa takribani robo tatu ya abiria wote.

Sasa tazama walichodai. Chama kilichoundwa kuongoza mgomo, Montgomery Improvement Association, kiliwasilisha madai matatu: kwamba madereva wawe na adabu; kwamba abiria waketi kwa kadiri wanavyoingia, weusi wakijaza viti kutoka nyuma na wazungu kutoka mbele, bila mtu kuinuliwa; na kwamba weusi waajiriwe kuwa madereva katika njia zinazotumiwa zaidi na weusi. Lisome tena dai la pili. Linaukubali ubaguzi na kuomba tu upunguzwe makali, na mpango wa namna hiyo tayari ulikuwa ukitumika Mobile, mji mwingine wa Alabama hiyo hiyo. Laiti wakuu wa Montgomery wangekubali ombi hilo dogo katika wiki ya kwanza, huenda leo hakuna mtu Njoro ambaye angekuwa akiusoma mji huo.

Walikataa. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya King ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, nao wakaponea. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Februari, wakili Fred Gray, kijana aliyekuwa amemaliza masomo ya sheria hivi karibuni, aliwasilisha katika mahakama ya shirikisho kesi ambayo haikuomba adabu wala viti vya katikati; iliomba sheria yote ya kuwatenganisha abiria itangazwe kuwa batili. Hapo ndipo jibu la kwanza kwa msichana wako lilipo. Kesi ilizaliwa ndani ya mgomo, baada ya miezi miwili ya watu kutembea na kuona kwamba hata kidogo walichoomba hawatapewa.

Majina uliyoyakosa katika daftari lako ni haya: Aurelia Browder, ambaye kesi inaitwa kwa jina lake, *Browder v. Gayle*, Gayle akiwa meya wa mji; Susie McDonald, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 70; Mary Louise Smith, msichana wa miaka 18; na Claudette Colvin, aliyekuwa na miaka 15 alipokamatwa tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Bi. Parks, kwa kosa lile lile. Kulikuwa na mwanamke wa tano, lakini alijitoa baada ya kushinikizwa. Rosa Parks hakuwekwa kwa makusudi. Kesi yake ilikuwa ya jinai katika mahakama za jimbo, alikotozwa faini ya dola 10 na gharama za dola 4, na rufaa yake ingeweza kukaa huko Alabama miaka mingi bila kusikizwa. Gray hakutaka suala hilo la jinai litumiwe kuichelewesha kesi ya katiba. Wanafunzi wanaotaka kuwa mawakili waukumbuke uamuzi huo, maana ni wa ustadi mkubwa.

Majaji watatu walisikiza ushahidi mwezi wa Mei, na tarehe 5 Juni 1956 wawili kati yao wakaamua kwamba sheria hiyo inakiuka katiba, wakiegemea hukumu ya *Brown* ya mwaka 1954, iliyokataza kuwatenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma. Mji ukakata rufaa. Mawakili wa NAACP, chama cha Marekani cha kutetea haki za watu weusi, akiwemo Thurgood Marshall, walishirikiana na Gray. (Kwa wasiojua, huyu Marshall ndiye aliyekuwa London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wetu katika mkutano wa katiba wa Lancaster House.) Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu hiyo.

Lakini wenzake msichana wako nao wana ushahidi wao, na nadhani hawaujui. Mwezi wa Aprili, kabla mahakama yoyote haijatoa uamuzi katika kesi hii, kampuni ya mabasi yenyewe ilitangaza kwamba madereva wake wataacha kuwatenganisha abiria. Ilitaja uamuzi wa kesi nyingine iliyotoka South Carolina, ambao wengi waliuelewa vibaya, lakini tuwe wakweli: kampuni hiyo ilikuwa imekosa abiria kwa miezi mitano, na hata ruhusa iliyopewa mwezi wa Januari ya kupandisha nauli kutoka senti 10 hadi 15 haikuiokoa. Mji ndio ulioizuia kwa kutishia kuwakamata madereva na kwenda mahakama ya jimbo kupata amri. Kwa hiyo kampuni ilikuwa imekwisha kushindwa na miguu. Aliyekuwa hajashindwa ni meya, na meya hapandi basi.

Mstaafu wa Reli (Kisumu)

Wakili, mwanangu, umenena vyema, lakini umeanza hadithi katikati. Kabla ya kesi na kabla ya mchungaji, kulikuwa na mtu wa reli.

Usiku ule wa tarehe 1 Desemba aliyekwenda kituo cha polisi kumdhamini Rosa Parks alikuwa E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala, akiandamana na mume na mke wazungu, Clifford na Virginia Durr, kwa sababu polisi walikataa kumweleza Nixon hata kosa la mama huyo. Nixon aliongoza tawi la Montgomery la chama cha wafanyakazi wa mabehewa hayo, kilichoanzishwa na A. Philip Randolph mwaka 1925 na kusubiri hadi 1937 ndipo kampuni ikakubali kutia saini mkataba nacho. Hesabu mwenyewe: miaka 12 ya kugonga mlango mmoja. Mtu aliyefunzwa na subira ya namna hiyo hakuona siku 381 kuwa nyingi.

Ninalisema hili kwa sababu marehemu baba yangu alihudumu ndani ya mabehewa kati ya Kisumu na Nairobi miaka ya hamsini. Daraja la kwanza lilikuwa la wazungu, la pili la Wahindi, na Waafrika tulijaa la tatu. Alikuwa na watoto sita, na bado abiria wa daraja la kwanza walimwita "boi". Nilipokuja kusoma kwamba wahudumu weusi wa Marekani, kila mmoja, waliitwa "George", eti kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, nilikaa kimya kwa muda. Wahudumu hao walifanya jambo jingine ambalo baba pia alilifanya kwa namna yake: walibeba habari. Gazeti la weusi la Chicago liliteremshwa kusini mikononi mwao na kusomwa katika miji ambayo lisingefika kwa njia nyingine.

Asubuhi iliyofuata Nixon ndiye aliyewapigia simu wachungaji mmoja mmoja. King aliomba muda wa kufikiri, maana alikuwa na mtoto wa wiki mbili na kanisa ambalo hakuwa amelizoea. Nixon alipopiga tena, King alikubali, na Nixon akamjibu kwamba ni vyema, kwa kuwa tayari alikuwa amewaambia watu mkutano utafanyika kanisani kwake. Mtu wa reli hasubiri abiria wa mwisho.

Mwalimu, ongeza jina hilo ubaoni. Nyumba ya Nixon nayo ilitupiwa bomu, siku hiyo hiyo ya tarehe 1 Februari ambayo Wakili ameitaja.

Mama wa Chama (Kakamega)

Mzee wa Reli, heshima zako. Nami nina la kuongeza kwa niaba ya wale ambao hawakuwa mawakili, wala wachungaji, wala watu wa reli.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama sokoni, na swali la kwanza ninalojiuliza nikisikia "siku 381" ni la pesa: nani alilipa petroli? Sote tumeona hapa kwetu matatu zikigoma. Siku ya kwanza watu hutembea kwa hasira, siku ya pili kwa uchovu, na siku ya tatu wanatafuta namna yoyote ya kupanda. Huwezi kuwaweka watu barabarani mwaka mzima kwa nyimbo peke yake.

Mwanzoni teksi za weusi ziliwabeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, hadi mji ulipoanza kuwabana kwa sheria iliyotaka teksi isitoze chini ya senti 45. Hapo ndipo ulipoundwa mpango wa kubebana kwa magari ya watu binafsi. Wazo lilitoka Baton Rouge, Louisiana, ambako mwaka 1953 watu walisusia mabasi kwa siku chache wakibebana vivyo hivyo, na King alimpigia simu mchungaji aliyeuongoza mgomo huo ili amweleze ulivyoendeshwa. Montgomery wakapanga magari kama 300 na steji zaidi ya arobaini za kuchukua na kushusha watu, zenye saa zake na wasimamizi wake. Makanisa yalinunua magari makubwa na kuyaandikisha kwa majina ya makanisa. Kampuni za bima zilipoyafutia bima, wakaitafuta hadi wakaipata London. Askari wa trafiki walikaa kuwavizia madereva. King mwenyewe alikamatwa mwezi wa Januari kwa kwenda maili 30 mahali pa maili 25, akatiwa ndani. Wenye magari hapa jukwaani wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Sasa pesa. Georgia Gilmore alikuwa mpishi katika mkahawa mmoja. Yeye na wenzake walipika kuku, samaki, keki na pai, wakauza katika saluni, katika vituo vya teksi na milangoni mwa watu, na kila wiki wakapeleka mapato katika mkutano wa kanisani. Wengi wa wapishi na wanunuzi walikuwa wajakazi wa nyumba za wazungu, na jina la mtu likijulikana, kazi imekwisha. Kwa hiyo kikundi chao kiliitwa *Club from Nowhere*, yaani kikundi kisichotoka popote: mtu akiuliza fedha hizi zimetoka wapi, anajibiwa kwa ukweli mtupu kwamba hazikutoka popote. Mimi nimeshika daftari la chama kwa miaka mingi na sijawahi kuona uhasibu wenye akili kuliko huo. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani King aliposhtakiwa kwa kuongoza mgomo, akafutwa kazi, akafungua jiko nyumbani kwake.

Na vikaratasi vilivyowaambia watu wasipande basi siku ile ya Jumatatu havikuandikwa na mchungaji yeyote. Vilitayarishwa na Jo Ann Robinson, mhadhiri wa Kiingereza katika chuo cha weusi cha mji huo na mwenyekiti wa baraza la wanawake, ambaye aliingia chuoni usiku wa manane na wanafunzi wawili akachapa makumi ya maelfu ya nakala kwa stensili. Walimu wa umri wangu wanaijua mashine hiyo ya kuzungusha kwa mkono na wino wake usiotoka vidoleni. Bi. Robinson hakukurupuka. Alikuwa amefokewa na dereva mwaka 1949 hadi akashuka akilia, na mnamo Mei 1954, siku nne tu baada ya hukumu ya shule, alikuwa amemwandikia meya barua ya kumwonya kwamba vyama zaidi ya ishirini vinazungumzia kususia mabasi. Meya alikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kujirekebisha.

Kwa hiyo, Wakili, ninakubaliana nawe kuhusu kesi, ila unaposema "miguu" ninaona umesahau kikapu cha keki kichwani.

Kijana wa Maseno

Wazee wangu na mama zangu, nimejifunza mengi. Naomba ruhusa ya kuwa mkaidi kidogo, kwa sababu ninaona sote tunazungumza kana kwamba mambo yaliishia kwenye ushindi.

Mabasi yalianza kupandwa bila ubaguzi tarehe 21 Desemba 1956. Katika siku zilizofuata mabasi yalipigwa risasi. Mwanamke mjamzito alipigwa risasi miguuni akiwa ndani ya basi, na safari za usiku zikasimamishwa. Tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne ya weusi yalilipuliwa kwa mabomu katika usiku mmoja. Rosa Parks alikuwa amepoteza kazi yake ya ushonaji katika duka kubwa la nguo tangu mwanzo wa mgomo, mumewe naye akaacha kazi yake ya ukinyozi, na mwaka 1957 wakahamia Detroit kwa kukosa riziki. Claudette Colvin aliishia New York akihudumia wazee. Nani hapo alishinda, na kwa kipimo gani?

Tena hukumu ile ilihusu mabasi peke yake. Mfano wake wa karibu nasi ni wa Jaramogi Oginga Odinga. Mnamo Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi alizuru Marekani kama waziri wa serikali yetu na kufika Atlanta, mji aliozaliwa King. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi kilichoundwa mwaka 1960, walikwenda hotelini kumsalimu. Walipotoka waliingia katika mkahawa wa karibu kunywa kahawa, wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao, wakaketi wakagoma kuondoka, na wakakamatwa. Miaka saba kamili ilikuwa imepita tangu Montgomery! Waimbaji wa chama hicho walitunga wimbo kuhusu ziara hiyo, wakautia jina la Jaramogi na neno "uhuru" kwa Kiswahili. Lakini ubaguzi katika mikahawa na mahoteli ya nchi nzima haukupigwa marufuku hadi sheria ya tarehe 2 Julai 1964, na sheria hiyo nayo haikuja kwa kesi. Ilikuja baada ya vijana kuketi katika mikahawa, watoto wa Birmingham kujaza magereza, na watu takribani 250,000 kuandamana Washington.

Hoja yangu ni kwamba msichana wa Njoro anauliza kama mahakama ingetosha bila miguu, na jibu la Atlanta ni kwamba hata kwa mahakama iliyokwisha kushinda, miguu ilihitajika tena mlango mmoja baada ya mwingine.

Wakili wa Milimani (Kisumu)

Kijana, umenibana vizuri, na la Jaramogi nilikuwa nimelisahau, aibu kwa mtu wa Kisumu. Nitakupinga katika jambo moja tu. Usiifanye hukumu kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa.

Tarehe 13 Novemba 1956 King hakuwa nyumbani akisubiri habari njema. Alikuwa ameketi katika chumba cha mahakama ya jimbo, ambako mji ulikuwa ukiomba amri ya kupiga marufuku ule mpango wa magari aliouelezea Mama wa Chama. Kila mtu mle ndani alijua kwamba amri itatolewa, na kwamba bila magari, watu wa miguu waliokuwa wamechoka kwa miezi 11 wangeshindwa. Wakati wa mapumziko mwandishi wa habari alimpa King karatasi yenye habari kutoka Washington kwamba Mahakama ya Juu imeamua. Jaji wa jimbo aliendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea, akatoa amri ya kuyazuia magari siku hiyo hiyo. Kwa zaidi ya mwezi mmoja, wakisubiri karatasi rasmi ya Washington ifike, watu walirudia kutembea na kubebana na majirani bila mpango wa chama. Kwa hiyo tukiuliza ni nini kingetokea bila mahakama, mwezi huo unatupa picha: mgomo ulikuwa umekwisha kukatwa miguu kwa amri ya jaji mwingine.

Jambo la mwisho ni kwa ajili ya mdahalo. Katika ushahidi wa mwezi wa Mei, wakili wa mji alijaribu kumfanya Claudette Colvin akiri kwamba walichochewa na King na kwamba kabla yake hawakuwa na lalamiko. Msichana huyo, sasa akiwa na miaka 16, alimjibu kwamba viongozi wao walikuwa wao wenyewe. Ningelipa pesa kumsikia shahidi wangu akijibu hivyo mbele ya jaji.

Mwalimu wa Njoro (Nakuru)

Nimewashukuru nyote. Mdahalo ulifanyika jana alasiri, na niliona vyema niwape habari zake. Tuliyasukuma madawati tukachora basi sakafuni kwa chaki, viti 36, kisha nikamfanya mvulana mmoja kuwa dereva na kumpa ruhusa ya kusogeza mpaka. Baada ya dakika kumi alikuwa ameizoea kazi hiyo kiasi cha kunitisha. Kisha nikawasomea madai yale matatu, na wanafunzi wa Kaptembwo ndio waliokasirika zaidi, wakisema hawakujua kwamba watu wao walikuwa wameomba kidogo namna hiyo.

Msichana wa dirishani hakubadili msimamo wake moja kwa moja. Alisema kwamba kesi bado ingeweza kushinda bila mgomo, kwa sababu hoja ya sheria ilikuwa ile ile, lakini akakubali kwamba hajui ni mama gani angekubali kutia jina lake kwenye karatasi ya mashtaka kama mji mzima haungekuwa barabarani pamoja naye. Mvulana mmoja akamkumbusha kwamba wa tano alijitoa hata hivyo. Tuliishia hapo, kengele ikalia.

Jambo moja dogo limebaki. Kijana mwingine, ambaye hesabu anaipenda kuliko Historia, alihesabu siku kutoka tarehe 5 Desemba 1955 hadi tarehe 20 Desemba 1956, siku ambayo amri ya mahakama iliufikia mji, akapata 380, akaniambia vitabu vyote vimekosea. Nilirudia hesabu mara mbili pale ubaoni na sikuona kosa lake.

Wakili wa Milimani (Kisumu)

Mwambie mwaka 1956 ulikuwa mrefu. Februari yake ilikuwa na siku 29, na tarehe 29 iliangukia Jumatano, siku ya kazi. Siku hiyo nayo walitembea.